Mdomo Mwekundu Ukutani Mtoni

Ukuta wa saluni ya mama pale Mtoni unatazama magharibi, na jua la alasiri haliuonei huruma. Marehemu baba, aliyekuwa fundi wa kuandika mabango, alimchora mama hapo: uso mkubwa, nywele zilizosukwa twende kilioni, midomo myekundu. Alipofariki, kazi zake nyingine zote mtaani zilikuwa zimeshafunikwa na matangazo ya simu. Ulibaki uso ule tu, na mimi nikajitwisha kazi ya kuulinda. Hakuna aliyenituma.

Mwaka jana niliona midomo imepauka. Nikaenda kwa fundi rangi wa jirani, naye hakuzunguka.

"Nyekundu ndo inakufaga kwanza, sista. Nyeusi haitishiki. Weka bati upate kivuli, halafu ndo upake vanishi ya maji. Ya mafuta usiguse, inageuka njano."

Nilimsikia vizuri kabisa. Ila mjomba wangu, kaka yake mama, ni mchonga vinyago aliyekuja mjini kutoka Newala, na kwetu hakuna jambo la rangi wala mbao linaloamuliwa bila yeye. Akaja na kopo la vanishi ya mafuta anayopaka vinyago vyake.

"Vyangu vinang'aa miaka na miaka," alisema.

Vinang'aa kweli, sebuleni kwa watu. Hilo hatukulifikiria, si yeye wala mimi. Siku ile ukuta ulimeremeta hadi wapita njia wakasimama, nami nikatembea kifua mbele.

Kiangazi kilipokolea, mama wa ukutani alikuwa wa njano kama mgonjwa, na vanishi inabanduka. Nilimnunia mjomba wiki mbili, maana kujinunia mwenyewe hakuna raha. Kisha nikachukua msasa na maji, nikaanza kusugua taratibu kuanzia mdomoni. Chini ya nyekundu nikakuta nyekundu nyingine, na chini yake nyingine tena. Shavuni nako rangi juu ya rangi. Nikamwita mama.

Alitoka na kitana mkononi, akaangalia, akacheka kwa aibu.

"Ni mie, mwanangu. Baba yako alikuwaga anarudia kila mwaka kabla ya Ramadhani. Alipoondoka nikajiuliza, nani atanirudia? Nikawa naamka mapema, nachovya brashi mwenyewe kabla nyie hamjaamka."

"Kwa hiyo hapa hakuna mkono wa baba?"

Niliuliza kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Machozi yakanitoka mbele ya wateja na sikujali.

Mama akanishika mkono wenye msasa. "Macho sijawahi kuyagusa. Nyeusi yake haikupauka, na hata ingepauka nisingethubutu. Yale ni ya baba yako."

Msasa wangu ulikuwa umefika chini ya jicho la kushoto, ukibakiza upana wa vidole viwili. Nikauweka chini, nikakaa kwenye kibaraza.

Wiki iliyofuata tuliweka bati kwanza. Kisha tukaurudia uso pamoja, mimi mashavu, yeye midomo, tukiyazunguka macho kwa brashi ndogo. Yalibaki na ile njano ya vanishi. Nilimwambia naweza kujaribu kuitoa kwa pamba, polepole sana.

"Yaache," alisema mama. "Yakiharibika hayo, mie sina pengine pa kumwona."