Lenga-lenga na mayi ya kuoga

Batoto ba leo banafungua robine, banaacha mayi inakimbia sawa mwizi, kiisha banasema bamesoma. Minyi sikusoma. Lakini ku kampi yetu ya basheminoti, batu ba kazi ya treni, hapa Kamina, mu kiangazi, wakati robine moja ilikuwa ya mulolongo muzima wa nyumba, ni minyi peke yangu nilikuwa na lenga-lenga, ile mboga ya muchicha, ya kijani. Wengine walikuwa na vumbi na wivu.

Sikumwanga hata tone. Mayi ya kuosha mihogo iliosha masahani, ya masahani ilienda kwa bata. Na nyuma ya kabafu yetu ya nyasi nilichimba kamufereji ka kupeleka mayi ya kuoga mpaka mu mboga. Bwana yangu alikuwa anatoka ku treni mweusi sawa chungu. Kumusafisha ilikula ndoo nzima. Ile lenga-lenga ilimupenda kuliko minyi.

Kiisha mama yangu akatoka Kabongo kuja kunizalisha, sababu nilikuwa na mimba ya kwanza na siku zilikuwa karibu. Juma nzima alikula lenga-lenga na bukari, ugali yetu, analamba vidole. Siku moja akauliza:

— We mutoto, na hii jua, mayi unatoa wapi?

Minyi na kiburi changu, nikamushika mukono, nikamuonyesha kamufereji.

Akafuata kamufereji na macho mpaka ku kabafu. Kwetu Baluba, mama na mukwe wake hawaangaliane mu macho. Mama akisikia mukwe anakohoa mu njia, anapita mu majani. Na minyi nilikuwa namulisha jasho ya mukwe wake!

— Umeniua! Nimekula mwili ya mukwe!

Akafunga vitu vyake mu kitambaa, akaikalia mu lupango, inje ya nyumba, angojee treni ya kesho yake. Nikajiona nitazaa peke yangu sawa mbuzi.

Bwana yangu kusikia, akasimama nyuma ya nyumba, ukuta kati yao:

— Ambia mama: kuanzia leo nitaoga ku kazi. Na kuku mweupe ya kumuomba musamaha iko hapa.

Mama hakumujibu yeye. Alinijibu minyi, njo desturi:

— Muulize basi: na ile nilisha kula?

— Mama, nikasema, ile ulisha kuipeleka ku choo tangu juzi.

Akajaribu kukasirika, midomo ikakataa. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kiisha akaenda kupokea kuku.

Alibaki. Lakini sasa bwana yangu alikuwa anarudi mwili safi, mufereji mukavu, lenga-lenga inaanza kuinama. Njo mama akakata maneno: mutoto aliyemuzaa yeye mwenyewe hana mwiko. Asubui na magaribi akanipigia makelele:

— Weye mwenye tumbo, inuka uoge! Mboga iko na kiu!

Nilioga sawa bibi ya muzungu. Hata uchungu ya kuzaa ilinikuta mu kabafu, sabuni mu masikio. Nikalia:

— Mama, mutoto anakuya!

— Ameshangoja miezi tisa, akajibu. Maliza kwanza hiyo ndoo.