Kunyoa na Kunyonyoa

Watu wa Ibra, hapa Omani, wakimtaja Hamda siku hizi husema, masikini. Mie hiyo masikini yao siitaki. Ni jirani yangu, tumetoka pamoja Unguja, na nimemjua tangu hajui hata ngamia anakula nini. Alikuwa mtoto wa Malindi ya Unguja mjini, mikono laini, hina mpaka kiwikoni. Akaolewa na Khalaf, mchungaji wa huko juu milimani, sisi tukacheka. Mama mkwe wake akamfunza kusokota manyoya ya ngamia na kufuma mikoba na mikanda. Khalaf alipokufa, kazi hiyo ndiyo iliyomlisha, kila Jumatano akiuza soko la wanawake.

Sharti lake lilikuwa moja: ngamia hanyolewi, hunyonyolewa. Joto likianza kuingia, yale manyoya laini ya chini hujiachia yenyewe, nawe unayavuta kidogo kidogo kwa vidole, yasiyotaka kutoka unayaacha. Mnyama hapati baridi, na mwakani anakupa tena. Kwa hilo Hamda alikuwa mkali kuliko wenyeji wenyewe.

Mwaka 2003 alikuwa amebakiwa na ngamia mmoja tu, Farha, jike aliyezeeka. Hamda akavunjika nyonga, akalazwa hospitali ya Nizwa. Ngamia akaachiwa mjukuu wa Hamda, Shatha, aliyekuwa akisoma chuo. Mtoto mwema, lakini Kiswahili chake cha kuokoteza. Mama yake, Azza, aliona haya kukisema nyumbani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mwisho wa Februari Hamda akapiga simu. Alichelea manyoya ya mwanzo yasije yakapeperuka bure, akamwambia Shatha amnyonyoe Farha. Neno hilo mtoto hakuwahi kulisikia. Alilolijua ni la kinyozi. Akaazima mashine, akamnyoa Farha mwili mzima, akajaza magunia, akafurahi kwamba bibi atafurahi.

Wiki ile ile ikashuka mvua na upepo wa milimani. Tukamfunika Farha mablanketi, tukamuwashia moto. Alitetemeka mpaka akaacha kula, na Ijumaa asubuhi tukamkuta amekufa. Nililia, sisemi uongo.

Hamda akarudi kwa magongo. Akatia mkono guniani: manyoya mafupi, magumu na laini yamechanganyika, hayasokoteki. Shatha akapiga magoti, akasema alifanya alivyoambiwa.

"Kweli," Hamda akamjibu. "Mimi ndiye niliyesema."

Basi. Hakumgombeza, wala tangu siku ile hakusema naye Kiswahili tena. Kiarabu tu, kuanzia chai mpaka dawa. Nikamgombeza mie: mtoto amekosa neno moja, wewe wamnyima yote? Akanambia hana ngamia mwengine wa kukosea.

Kila asubuhi Shatha humwambia, "Shikamoo, bibi."

"Marhaba," hujibu Hamda.

Neno hilo Waarabu nao wanalo, la kumsalimia yeyote. Kila akijibiwa, yule mtoto hunitazama mie, anataka nimwambie ni la lugha ipi. Nami sijui.