Mtunza ghala anayesoma macho ya paka

Saa mbili asubuhi, jua limeshapamba moto, lakini ndani ya ghala la nafaka bado ni kama magharibi. Mtunza ghala, mama wa miaka 56, hapandi ngazi. Kwanza anamtafuta paka.

"Karani, uko wapi baba?"

Karani ni paka wa ghala. Aliitwa hivyo kwa sababu ndiye pekee anayejua idadi kamili ya panya. Mama anainama, anamtazama machoni. Mboni ikiwa nyembamba kama uzi, mwanga unatosha. Ikitanuka kama kifungo cha koti, anatafuta kazi ya chini.

Wafanyakazi wenzake wanaona vizuri humo ndani. Yeye, mwanga ukipungua, haoni.

"Mama yangu alianza hivihivi," anasema. "Jioni anapapasa kuta, sisi tunacheka. Mungu atusamehe."

Ametunza ghala hili miaka 19 na siri hii miaka minne. Kuomba taa ni kuulizwa kwa nini aombe yeye peke yake, na mjane mwenye binti chuoni hachezei kazi.

Mwezi uliopita Karani alikuwa kizingitini, mboni uzi mtupu. Mama akapanda ngazi ya nyuma, akakikosa kipandio cha sita, akaanguka na kuteguka mkono. Aliwaambia wenzake ameteleza.

"Nilisoma macho yake, nikasahau alikokaa. Yeye alikuwa juani, mimi nakwenda gizani."

Mdogo wake wa kike alimburuta kwa daktari wa macho. Ugonjwa hauponi, aliambiwa, ila akiwa na mwanga mzuri anaweza kufanya kazi miaka mingi. Kwa aibu, akauliza kama kuna dawa ya kuona kama paka.

"Daktari akaniambia, 'Mama, paka ana kitu kama kioo nyuma ya jicho, kinamrudishia mwanga kidogo alioupata. Kwenye giza totoro hata yeye haoni.' Nililia palepale. Miaka yote nilidhani yeye hahitaji kitu."

Alimwomba mwandishi wa habari hii asiichapishe kabla ya Jumatatu. Siku hiyo ataingia kwa bosi, aeleze yote, na aombe mabati mawili ya paa yabadilishwe yawekwe ya kupitisha mwanga.

Anaogopa, na hafichi. Mkono wenye bandeji unampapasa Karani mgongoni.

"Ikiwa huyu naye anahitaji mwanga," anasema, "mimi nani nisiombe?"