Pumzi Aliyobaki Nayo Mervyn

Kaka yangu Mervyn ana kichwa kigumu, nalisema hili mapema ili usije ukanilaumu baadaye. Mimi ni Coralie, mpishi wa kambi yake ya uvuvi hapa mto Daly, kusini ya mji wa Darwin. Kwa miaka ishirini na sita nimewakaangia wageni wake mayai huku nikimsikia akiwafundisha kuvua barramundi, yule samaki mkubwa wa mto huu, kwa chambo cha manyoya. Majirani zetu wanatumia samaki wa plastiki, wanatupa, wanavuta, kazi kwisha. Mervyn hataki. Anakaa kwenye meza yangu akifunga manyoya ya bata bukini kwenye ndoana, taka zote ananiachia mimi nifagie, kisha anakwenda kuchapa hewa na ule mshipi wake mzito, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka manyoya yanatua majini polepole kama yameanguka yenyewe. Marehemu mama yetu, aliyezaliwa kwenye ukingo wa mto huu huu, alikuwa akimtazama na kuuliza, "Huu mto umemkosea nini huyu mtoto hata auchape viboko?"

Sheria ya kambi ni moja, na ilitoka kwa mama. Ukimtoa samaki majini, vuta pumzi uizuie. Ikikuishia wewe, jua na yeye imemwishia, mrudishe. Na ni pumzi ya aliyemvua, si ya jirani yake. Barramundi huanza maisha akiwa dume, na akishakula miaka yake anageuka jike, kwa hiyo wale wakubwa wote ni majike. Ukimuua mmoja wa mita nzima umeua mayai ya mto. Mama hakuwa na haja ya kutueleza zaidi ya hapo, na sisi hatukumbishia.

Sasa, jikoni kwangu kuna nguzo. Mgeni akivua kwa manyoya samaki wa mita moja au zaidi, akampima kwenye mkeka wa plastiki wenye namba, akamrudisha hai, anachonga jina lake hapo kwa kisu. Majina ni arobaini na moja, na wote hao ni Mervyn aliyewapeleka, akawaonyesha pa kutupa, akawashikia wavu. La kwake halipo. Mwenye boti anashika injini, mgeni anashika ufito wa kuvulia, ndiyo kazi ilivyo. Wageni wakiondoka, samaki wakubwa nao wameshatawanyika.

Mwaka juzi alikuja Alistair Prentice, daktari wa meno kutoka Melbourne, mtu mpole, anayeosha sahani yake mwenyewe. Ilikuwa safari yake ya saba. Akampata mkubwa, akamweka kwenye mkeka, samaki akajikunja, na Prentice pumzi ikamtoka kabla hajamnyoosha. Mervyn alimtwaa yule samaki mikononi mwake akamrudisha mtoni. Jioni yule baba wa watu alikaa kwenye ngazi ya jikoni analia, na mimi nimesimama na mwiko mkononi.

"Sekunde mbili tu, Mervyn," alisema.

"Sekunde mbili zilikuwa zake, si zako."

"Rahisi kusema. Wewe hujawahi kumshika wa kwako."

Aliondoka kesho yake na hakurudi tena. Nilimwambia Mervyn amekuwa mkali kupita kiasi. Akanijibu nigeuze samaki wangu, wanaungua.

Mwaka huu kifua kikamshinda. Miaka arobaini ya sigara za kusokota si mchezo. Ngazi za jikoni ziko tano, na yeye akifika ya tatu anasimama, anajifanya anaangalia mawingu. Daktari wa Darwin akamwambia ikifika mwisho wa Aprili ahamie mjini, karibu na hospitali. Boti ikapata mnunuzi. Ilikuwa imebaki wiki moja, wiki ile nzuri ambapo maji ya mbugani yanashuka kwenye vijito kuingia mtoni, na Mervyn akaniambia neno ambalo hakuwahi kulitamka. Anataka jina lake kwenye nguzo.

"Nani atashika injini?" nikamuuliza.

"Wewe."

"Mimi mpishi."

"Jiko lako limevunjika tangu juzi ya juzi na bado unalipikia. Injini itakushinda?"

Basi tukatoka asubuhi, vizee wawili kwenye boti ya bati. Kereng'ende walikuwa wameshatoka kwa wingi, na dhoruba za mwisho zilikuwa zimelaza nyasi zote chini, ishara za mwisho wa mvua ambazo mama alizingoja kila mwaka. Tukafunga boti kwenye mdomo wa kijito, pale maji meusi ya mbugani yanapokutana na maji ya matope. Mamba mmoja alikuwa amelala ng'ambo, mrefu kuliko boti yetu. Nikamwangalia, akaniangalia, tukaelewana kwamba mikono yangu itakaa ndani. Mgongo ulikuwa unaniuma na lile benchi la bati halina huruma, kwa hiyo nikaokota kitu kilichokunjwa hapo chini, nikakikalia.

Mervyn alitupa saa nzima bila kitu. Anatupa mara tatu, anapumzika, anatupa tena.

"Umechoka, mzee," nikamwambia. "Rudi tukanywe chai."

"Nyamaza, unawatisha."

"Hawa wanaokaa na mamba ndio watishwe na mimi?"

Hapo maji yakapasuka. Sijui nielezeje. Nimeishi kando ya mto huu miaka sitini na mitatu, nimepasua matumbo ya barramundi nisiowahesabu, nikadhani nawajua. Kumbe nilikuwa nawajua kwenye kikaango. Huyu alitoka majini mzima mzima, juu ya vichwa vyetu, mdomo wazi, akitikisa kichwa mpaka nikasikia matamvua yanapigana, na jua likampiga kwenye magamba nikalazimika kufumba macho. Alipoanguka, boti ilicheza. Aliruka tena mara tatu, na kila mara nilijikuta nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Nilitamani mama angekuwepo.

Mervyn alimpa samaki mshipi alipotaka mshipi, akauvuta alipochoka, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nikamwambia akate mshipi, afe samaki au afe yeye mimi sitaki kuona. Akatikisa kichwa. Mwishowe yule mama samaki akaja kando ya boti taratibu, kama mgeni aliyeamua mwenyewe kuingia. Nikamwingiza kwenye wavu, ukajaa mpaka mkia ukabaki nje. Jicho lake lilikuwa la dhahabu, kubwa, linatuangalia sisi wawili bila hofu yoyote.

"Lowesha mkeka," Mervyn akasema. Kisha akavuta pumzi, ile aliyokuwa nayo, akamwinua.

Nami nikazuia yangu pamoja naye, mazoea tu. Nikatafuta mkeka chini ya benchi. Haupo. Nyuma ya tangi la mafuta, haupo. Ndani ya ndoo ya maji, haupo. Mungu wangu, nilikuwa nimeukalia. Niliuchomoa, nikaukunjua, nikaumwagia maji ya ndoo, na nilipougeuza kumwelekea, Mervyn alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili, mikono yake majini mpaka kwenye viwiko, mamba awepo asiwepo. Pumzi ilikuwa imemwishia. Alimshika tumboni, kichwa kikielekea kwenye mkondo, mpaka ule mkia ukapiga mara moja. Yule samaki akazama.

Mimi pumzi yangu bado ilikuwepo. Ilikuwepo tele.

"Alikuwa amepita mita," nikasema niliposhindwa kunyamaza. "Nimemwona. Naapa kwa kaburi la mama. Nitalichonga mimi mwenyewe jina lako."

Alikuwa anahema, hawezi kujibu. Alipoweza, alisema, "Hakupimwa."

"Ni kosa langu. Niliukalia mkeka, Mervyn."

"Washa injini, dada. Chai inapoa."

Sikula siku ile. Nilipika, nikamwaga, nikaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Saa kumi nilimsikia anapanda ngazi, akasimama ya tatu, akaja. Hakuitazama nguzo. Alikwenda kwenye simu ya ukutani, akavaa miwani, akatafuta namba kwenye daftari la wageni, akabonyeza polepole.

"Bwana Prentice? Mervyn hapa, wa Daly." Akangoja. "Hapana, sijafa. Sikiliza, leo nimemshika wa kwangu."

Nilisikia sauti ndogo ikiuliza swali kwenye simu. Swali lenyewe nililijua.

"Sijui," Mervyn akasema. "Sikumpima. Nimemrudisha."

Mimi niko kwenye sinki, mgongo nimeugeuza, nangoja ifike zamu yangu ya kulaumiwa. Kila mtu anayejua kisa hicho angetaja mkeka. Mimi mwenyewe ningeutaja, na ningeutaja kila sikukuu mpaka naingia kaburini.

"Pumzi iliniishia," Mervyn akasema. "Ni hilo tu. Nimekupigia kukwambia uliniambia kweli siku ile, na mimi nilikuwa sijui. Inauma, bwana."

Kisha akaniita kwa mkono nimletee kiti, maana kule Melbourne daktari wa meno alikuwa ameanza kumuuliza habari za lile jicho la dhahabu, ambalo na yeye aliwahi kuliona, na Mervyn alitaka kukaa ndipo amsimulie.