Nguzo ya Kona ya Nyuma

Mwaka jana nilirudi kwetu Shanwe kumzika shangazi yangu. Siku ya tatu ya matanga, wakati tunachambua mchele, mama mmoja wa jirani akaanza kuwachekesha wenzake. Aliwasimulia habari za bibi mmoja wa zamani, kiziwi, aliyekuwa akitengeneza nyumba mbovu na kuziuza, akijifanya anasikiliza nguzo. Akamwigiza, ameinamisha kichwa na mkono nyuma ya sikio. Wanawake wakacheka, maana kwenye matanga watu huhitaji kucheka kidogo. Mimi nilikuwa mkeka mmoja naye. Bibi huyo alikuwa bibi yangu. Niliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Nikusimulie basi wewe, maana kule nilishindwa.

Katika miaka ya sabini, nikiwa na umri wa miaka kama kumi, niliishi na bibi mzaa baba hapo hapo Shanwe. Watu walikuwa wanahama sana siku hizo. Wengine walikwenda kwenye vijiji vipya, wengine walirudi kwao kazi ilipokwisha, na nyuma yao zikabaki nyumba za miti na udongo zikiliwa na mchwa. Bibi alizichukua kwa bei ndogo, pengine kwa madebe machache ya mahindi. Kiangazi tulizitengeneza, kisha akawauzia au kuwapangishia wageni: watu wa reli, walimu, wachuuzi wa samaki wakavu. Saruji hatukuijua. Bati lilikuwa la wenye uwezo. Sisi tulikuwa na mikono yetu, maji ya kisima, na vile vilivyotoka porini: miti, nyasi, kamba za magome.

Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliolowana, nakumbuka shimo tulilokanyagia udongo kwa miguu, mimi na watoto wa jirani, tukiimba na kusukumana, huku bibi akitumwagia maji na kutuambia nyie kanyageni, acheni kucheza ngoma. Kukandika ilikuwa kazi ya siku mbili tatu. Kusiriba, yaani kulainisha ukuta, alifanya bibi mwenyewe kwa kiganja, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Mwisho tulipaka udongo mweupe wa mtoni uliochanganywa na majivu, na nyumba iliyokuwa gofu ikawa inang'aa kama imevaa kanzu ya Jumapili.

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na kugonga. Mchwa wa kwetu huila nguzo kutoka ndani na kuacha ganda zuri nje, huwezi kuijua kwa macho. Kwa hiyo tulibomoa kwanza udongo wa zamani, nguzo zikabaki wazi, na bibi akachukua mchi mdogo akagonga kila moja: chini, katikati, juu. Nguzo nzima hutoa sauti fupi na nzito. Iliyoliwa hulia kama mtungi usio na maji. Ikishakandikwa, hakuna anayeweza kuisikia tena. Ndiyo maana mnunuzi hakuuliza mengi kuhusu kuta. Aliuliza nani amegonga. Akiambiwa ni bibi, alitulia.

Ni kweli kwamba bibi alikuwa ameanza kuwa kiziwi. Nyumbani tulijua mimi na yeye tu. Ingejulikana, nani angenunua nyumba kwake? Basi yeye aligonga, na mimi nilisimama mbele yake. Nikiitikia kwa kichwa, alikwenda nguzo inayofuata. Nikitikisa kichwa, aliichora kwa mkaa, na nguzo hiyo iling'olewa. Jirani mmoja, mzee wa utani mwingi, alimuuliza siku moja, "Huyo mtoto kazi yake nini, kukutazama tu?" Nilimwonyesha bibi kwa midomo alichoulizwa. Akamjibu, "Huyu ni mke mwenzangu. Ananichunga nisitoroke na mume." Wakacheka wote wawili, na siri yetu ikabaki salama.

Mwaka ule tulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu karibu na njia ya kwenda stesheni. Kuvuna mpunga kulikuwa kumeanza, na shangazi alikuwa anakwenda Majimoto kusaidia mavuno kwa jamaa zetu. Alisema atanichukua, kama kazi ya bibi itakuwa imefika kwenye kukandika. Lori lilikuwa liondoke asubuhi baada ya siku tuliyopanga kugonga. Nilikuwa sijawahi kupanda lori. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kule maji hutoka ardhini yakiwa ya moto, na kwamba watoto wanaofukuza ndege shambani hula wali mpya mpaka wanalala wameshika sahani.

Tuligonga nyumba nzima, nguzo zote nzuri. Ikabaki nguzo ya kona ya nyuma. Bibi akagonga chini, na nikausikia mtungi. Akagonga katikati, ni mtungi. Nguzo ile ilibeba kona nzima ya paa. Kuibadilisha maana yake ni kwenda porini kutafuta mninga, kuukata, kuubeba, kuushindilia: siku tatu au nne. Bibi akainua macho akanitazama, akingoja.

Nikaitikia kwa kichwa.

Kule Majimoto nilikula, nilioga maji ya moto, nilipiga kelele shambani kufukuza ndege mpaka sauti ikakauka. Nguzo sikuifikiria hata mara moja. Ningependa kukuambia kwamba niliteseka, lakini ningekudanganya.

Nyumba ile ilinunuliwa na mwalimu mmoja kutoka Ufipa, aliyekuja na mke, mtoto mchanga na mama yake mzazi. Mvua zilipokolea, alasiri moja, mama yake alikuwa ameketi upande wa nyuma chini ya upenu akisafisha uyoga. Kona ikashuka juu yake pamoja na nyasi zote zilizojaa maji. Walimtoa akiwa hai, lakini nyonga ilikuwa imevunjika.

Jioni hiyo mwalimu alikuja kwetu ameshika kipande cha ile nguzo. Alikiminya mbele yetu, kikavunjika kama mkate mkavu. Majirani walikuwa wamemfuata, wamejaa uani. Hakupaza sauti. Alisema taratibu, midomo yake ikionekana vizuri.

"Bibi, hii uliigonga?"

"Niliigonga, mwanangu. Mimi mwenyewe."

"Ukasikia nini?"

Nilikuwa nimesimama pale na kata ya maji mkononi. Bibi hakugeuka kunitazama. "Sikusikia kitu," alisema. "Masikio yangu yamekufa, huu mwaka wa pili. Niliwaficha nyie wote. Kosa ni langu."

Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akaguna, na nikajua kazi ya bibi imekwisha. Kweli, baada ya siku ile hakuna aliyenunua nyumba kwake tena.

Familia ya mwalimu ilihamia kwetu mvua zote. Bibi alimpa yule mama kitanda chake, sisi tukalala chini. Kazi ya kumhudumia ilikuwa yangu: maji ya kunawa, uji, kumshika akigeuka, kutoa chombo. Kila asubuhi alinishika mkono akaniambia ahsante mjukuu wangu, wewe una huruma. Niliogopa asubuhi kwa sababu ya mkono ule.

Bibi aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunatwanga. "Mke mwenza, siku ile ulisikia nini?" Nikamwambia nilisikia ni nzima. Alinitazama usoni, pale alipozoea kusikilizia. Akasema, "Haya," akainua mchi.

Alifariki nikiwa darasa la saba. Mwalimu alikuja, akasaidia kuchimba kaburi, na kabla ya udongo kutupwa aliomba kusema. Alisema yeye na mama yake walikwisha kumsamehe bibi kutoka moyoni, alale kwa amani. Watu wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia amina.

Siku hizi Shanwe ni tofali za kuchoma na bati, na hakuna mtoto anayejua nguzo iliyoliwa inaliaje. Mwalimu alihama, nikasikia naye amekufa. Padri nilimwambia, akanipa sala, nikazisali zote. Lakini sala hazikumrudishia bibi jina lake, na kwenye mkeka wa matanga, pale ambapo ningeweza kulirudisha kwa maneno machache, niliuinamia mchele.

Basi yaandikwe hapa. Bibi yangu aligonga kila nguzo aliyowahi kuiuza. Ile ya kona ya nyuma ilikuwa imeliwa, na mimi niliisikia.