Mama Zangu wa Ghorofa ya Pili

Tulipokuwa wadogo sisi, pale Lanham, Maryland, huku Marekani, theluji haikuwa na vifaa vya kutelezea vya dukani. Ilikuwa na sinia. Nyie mliokulia kwenye zile apatimenti za matofali mekundu nyuma ya kituo cha mafuta mnalikumbuka: sinia kubwa la alumini la Mama, ukingo wake umechongwa maua, alilolileta kutoka Moshi akiwa amelizungushia khanga kwenye begi. Siku za kawaida lilikuwa la pilau. Theluji ikidondoka lilikuwa letu. Tunapanda nalo kile kilima cha maegesho, mmoja anakaa, mwingine anasukuma, na kelele zake mtu anazisikia mpaka barabara kuu.

Msinicheke. Nina miaka kumi na saba, na mtu wa umri huu hatakiwi kusema "enzi zetu". Lakini binamu yangu wa Sterling, mwenye miaka minane, aliniuliza juzi kama nilipozaliwa intaneti ilikuwepo. Basi na mimi nimeshakuwa bibi kizee, acheni niongee. Halafu nikiandika ndiyo naongea vizuri. Mdomoni maneno huwa yanagoma.

Aliyelibonyeza lile sinia ni Marcus. Marcus ni mtoto wa Miss Denise, na Miss Denise ndiye aliyekaa mlango unaotazamana na wetu, ghorofa ya pili. Aligonga nalo nguzo ya taa, akainuka na meno yote lakini sinia likaingia bonde ukingoni, pana kama kiganja. Tulilirudisha jikoni tukaligeuza chini juu, tukijidai hatujui. Mama akalitazama, akamtazama Marcus, akamwambia kwa Kiswahili, ambacho Marcus alikuwa hajui hata neno, "Wewe mtoto, wewe mtoto, wewe mtoto." Marcus akajibu, "Yes, ma'am." Walielewana kabisa.

Nyumbani kwetu hapakuwa na baba, na kwao hapakuwa na baba. Wa kwangu yupo hai, alihamia Texas akasema atatuita tumfuate, ila akapata familia nyingine kabla hajapata nafasi ya kutuita. Wa Marcus sikuwahi kuuliza. Utotoni sikuona kama kuna kitu kimepungua, maana ngazi zile zilikuwa zimejaa watu wazima wawili ambao hawakukosekana kamwe. Mama aliangalia wazee, shifti ya usiku. Miss Denise aliendesha basi la shule, anaondoka kabla jua halijafungua macho. Kwa hiyo walitupokezana pale kwenye ngazi. Jioni mimi navuka na mto wangu kwenda kwa Miss Denise. Asubuhi yeye anashuka na funguo zake, Mama anapanda na viatu vyake vyeupe mkononi, wanakutana katikati. Nilikuwa nikiwasikia nikiwa bado kitandani.

"Wamekula?"

"Wamekula, dada. Huyu wako kanisumbua kuhusu nywele."

"Na wako?"

"Wangu kazaliwa kusumbua."

Neno "dada" ndilo Kiswahili cha kwanza Miss Denise alichojifunza, na alilitamka kama vile amelikuta tu kwao tangu utoto.

Nakumbuka harufu. Kwa Miss Denise ilikuwa mafuta ya nywele na majani mapana ya kijani aliyoyachemsha na nyama ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, ambayo Mama alisema ni sukuma ya Wakenya iliyopata pesa. Kwetu ilikuwa uji wa ulezi, iliki, na dawa ya mikono iliyoganda kwenye sare ya Mama. Jumamosi Mama halali mpaka anisuke, na Miss Denise anakaa kochini anamfundisha jinsi ya kupika makaroni ya jibini, na Mama anamwambia yana chumvi kidogo, na wanagombana mpaka chakula kinaiva. Kiangazi tulicheza rede nje. Mama ndiye aliyetufundisha, akatutengenezea mpira wa soksi kuukuu, na watoto wote wa uwanja ule, Wamarekani, Wasalvador, sisi, tukawa tunarushiana soksi na kukwepa mpaka vimulimuli wanatoka. Ule mwaka nyenje walipotoka ardhini kwa mamilioni, kama wanavyotoka huku kila baada ya miaka mingi, tuliwakwepa pamoja na soksi. Binamu yangu siku hizi anacheza na watoto asiowahi kuwaona, masikioni amevaa vitu kama rubani wa ndege. Nilimfundisha rede, akaniuliza inachajiwa wapi.

Lakini sitaki niandike kama vile yote yalikuwa sukari.

Watu walikuwa na maneno. Watu wetu wa kanisani, hawa Watanzania wenzetu wanaotupenda na kutuletea vitumbua, wakimwona Miss Denise kwenye ngazi walimsalimia vizuri, halafu mlango ukifungwa wanamwambia Mama, "Angalia sana. Hawa wamama weusi wa hapa hawataki waume. Wanazaa, wanakaa, wanapiga kelele. Mtoto wako asije akaiga." Mama alikuwa anamimina chai tu. Na mimi nilikuwa nikijiuliza wanamsema nani, maana Miss Denise niliyemjua mimi alikuwa anakagua kazi zetu za hesabu akiwa amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahaulika kichwani.

Kisha ikaja siku ya dukani. Tulikuwa kwenye foleni, mama wawili na watoto wawili, Marcus ananivuta kofia, tunacheka. Bwana mmoja nyuma yetu akasema, si kwa sauti kubwa ila kwa sauti ya kutaka kusikika, kwamba hawa wanawake wanazaa tu, baba hajulikani, halafu sisi tunawalipia kwa kodi zetu. Alisema "hawa". Hakuuliza nani katoka Moshi na nani kazaliwa hapahapa Maryland. Hakuuliza nani alikuwa anatoka kumgeuza mzee kitandani usiku kucha. Miss Denise akageuka taratibu, akamwambia, "Mwanangu, mama yako anajua unaongea hivyo mbele za watu?" Yule bwana akaanza kusoma maandishi kwenye pakiti ya ufagio. Mama alituendesha mpaka nyumbani. Akazima injini, akasema kwa Kiswahili, nadhani akijiambia mwenyewe, "Kumbe na mimi ni hawa." Miss Denise akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Miss Denise akamshika Mama mkono, akasema, "Karibu, dada."

Nawaambia hayo ili mwelewe kipaimara changu.

Kwetu kipaimara si ibada tu. Kuna ukumbi, kuna kamati, kuna mshereheshaji, na kuna keki. Keki ndiyo kilele. Mtoto anaibeba, anatembea kwa madaha muziki ukipigwa, anawapelekea wazazi wake na kuwalisha mbele ya watu wote, kuwashukuru kwa kumlea. Mwenyekiti wa kamati yangu alikuwa Mama Glory, mwanamke mwenye roho nzuri na kauli ya mwisho. Walikutana sebuleni kwetu. Mimi nilikuwa naleta chai.

"Sasa Mama Aneth," Mama Glory alimwambia Mama, "usinielewe vibaya. Shughuli ni picha. Wakiitwa wazazi, akasimama mtu mmoja, watu wataanza kuulizana. Tumeongea na Mzee Lyimo na mkewe. Watasimama wao kama wazazi. Ni wazee wa kanisa, wana ndoa yao nzuri. Wewe utakaa meza ya mbele, pembeni kidogo."

Mama alikuwa hanywi chai na sukari. Alichukua kijiko akaanza kukoroga.

"Sawa," akasema.

"Na yule jirani yako atakuja?"

"Atakuja."

"Haya. Mwambie tu kwetu huwa tunatulia."

Nilirudi jikoni na trei ya vikombe nikasimama pale. Nilitaka kusema. Yaani maneno yalikuwepo, nimeyapanga kabisa: kwamba Mzee Lyimo hajui hata nina miaka mingapi, kwamba anayestahili kulishwa keki ni yule anayekoroga chai isiyo na sukari. Hayakutoka. Nyumba ilipobaki na sisi wawili nilimwambia Mama, "Mimi sitaki." Akaniambia, "Ni dakika chache, mwanangu. Usiwaharibie watu." Nikajua anamaanisha nisimharibie yeye, kwa sababu akipinga ataitwa mama asiye na mume na asiye na adabu, vyote viwili.

Kitu kimoja Mama alishindwa. Alishindwa kumwambia Miss Denise. Alimweleza kila kitu kuhusu keki, jinsi mtoto anavyombebea mzazi, jinsi inavyopendeza, na Miss Denise akanunua gauni la njano na kofia yenye ua. Habari za akina Lyimo aliziruka. Nadhani aliona aibu kwa niaba yetu, kwa niaba ya watu wetu.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, harufu ya pilau na manukato. Keki iliwekwa juu ya sinia letu, lile lile, Mama amelisugua mpaka likang'aa, bonde la Marcus limegeuzwa upande wangu lisionekane kwenye picha. Muziki ukaanza. Nikalibeba. Kidole gumba changu kiliingia kwenye lile bonde kama kwamba lilitengenezwa kwa ajili hiyo.

"Mtoto wetu anawapelekea wazazi wake keki!" mshereheshaji akatangaza. "Wazazi, simameni tuwaone!"

Mzee Lyimo na mkewe wakasimama, wamevaa kitenge sare. Vigelegele. Mama alikuwa pembeni na gauni lake la bluu, anapiga makofi, anatabasamu lile tabasamu la kazini.

Miguu yangu ikagoma. Sikupanga kugoma, ningependa kusema nilikuwa jasiri, lakini hapana. Nilisimama tu katikati ya ukumbi. Wimbo ukaisha, ukarudiwa. Watu wakaanza kucheka kwa upole.

"Jamani, mtoto kasahau wazazi wake!" akasema mshereheshaji.

Hapo meza ya nyuma kiti kikasukumwa. Miss Denise. Alimwona mtoto amesimama, akamwona Mama amekaa, akina Lyimo akawadhani ni wageni waliosimama kushangilia, na kwa hesabu zake yeye ilikuwa wazi kabisa: mtoto mwenye aibu hamwoni mama yake, na mama kwa unyenyekevu wake hajajua kwamba ameitwa.

"Aneth! Mpenzi!" alipaza sauti kwa Kiingereza, kofia ikiyumba. "Mama yako yule pale! Wa bluu!" Na kabla mtu hajasema kitu alikuwa ameshapita katikati ya meza, amemshika Mama mkono, anamwinua. "Simama, dada, wanakuita wewe! Huyu ndiye mama yake, jamani! Huyu hapa!" Halafu akapiga makofi na kupiga kelele kama wanavyofanya kwao mtoto akiitwa jina kwenye mahafali, na Marcus kule nyuma akapiga mluzi.

Mama Glory alishika kifua.

Aliyetuokoa ni Mzee Lyimo. Alimtazama Mama, amesimama na mkono wake umeshikwa juu kama bondia aliyeshinda, akamgusa mkewe. "Kaa, mama," akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu. "Mwenyewe amesimama."

Wakakaa. Yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Miguu yangu ikatembea. Nilimlisha Mama kipande cha kwanza, na lile tabasamu la kazini likaondoka, uso wenyewe ukaja. Kisha Mama akachukua kipande cha pili kwa vidole, akageuka, akamlisha Miss Denise. Miss Denise akiwa mdomo umejaa akauliza, "Nimekosea mahali?" Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mama Glory hakuomba radhi, na sijawahi kumsikia akiomba. Alikuja mwishoni na karatasi ya alumini, akamfungia Miss Denise pilau la kubeba, nyama nyingi juu, akamwambia, "Shughuli imependeza, dada." Na tangu mwaka ule nimehudhuria vipaimara vingine katika ukumbi ule ule. Mshereheshaji hasemi tena "wazazi, simameni." Anasema, "Waliomlea mtoto huyu, simameni tuwaone." Wanasimama wengi. Bibi, mashangazi, mama mmoja mmoja. Mama Glory mwenyewe ndiye anayempa karatasi yenye maneno hayo.

Siku hizi ngazi zetu zimetulia. Marcus alipata kazi Sterling, kwenye yale majengo makubwa yasiyo na madirisha yanayohifadhi kompyuta, na Miss Denise akamfuata. Mlango wa mbele yetu una kamera ndogo ya duara, nikipita inawaka taa ya bluu, na sijui jina la mtu anayenitazama. Theluji ikianguka shule inaendelea kwenye kompyuta, watoto wanakaa ndani na kilima cha maegesho kinabaki cheupe mpaka kinayeyuka chenyewe. Enzi zetu kisingefika saa sita mchana kikiwa cheupe.

Sinia hatunalo. Siku walipohama Mama aliliweka kwenye gari la Miss Denise, juu ya masanduku, hakuuliza. Nilipoenda kwao mwezi uliopita nilikuta limetundikwa ukutani jikoni, bonde limeelekezwa mbele. Jirani yao mpya alikuwepo, akauliza ni pambo la wapi. Miss Denise hakugeuka kutoka kwenye jiko.

"Si pambo," akasema. "Ni letu, mimi na dada yangu. Aneth, lishushe, pilau limeiva."