Kapteni Aliyepita Bila Kupingwa

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Gorong'a, na baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Jumamosi moja Landrova ilisimama mbele ya boma letu, akashuka mzee wa Kizungu anayechechemea. Alimkazia macho baba, kisha akapaza sauti:

"Sajini! Wewe bado iko hai?"

Baba alitupa jembe, akasimama wima, akapiga saluti. Halafu wakakumbatiana huku wakicheka. Mzungu yule alikuwa kapteni wake kule Burma, walipopigana na Wajapani, na Kiswahili chake chote kilikuwa cha kambini.

Tulichinja mbuzi. Mgeni alikula obokima, ugali wetu wa mtama na muhogo, kwa mkono na bila kusita. Baba akamuuliza, "Afande, walipokubeba na ule mguu, ulienda wapi?"

"Nyumbani. Hospitali. Halafu mimi kuwa mbunge."

"Mbunge? Vita vikiendelea?"

Alipokwama alisema Kiingereza, nami nikatafsiri. Mbunge wa kwao alikuwa amefariki. Wazee wa chama wakamfuata akiwa bado anatembelea magongo, wakampitisha kila kijiji akiwa amevaa magwanda. Vyama vikubwa vilikuwa vimekubaliana visishindane kwenye uchaguzi mpaka vita viishe, kwa hiyo hakuna aliyesimama dhidi yake.

Baba alipiga paja. "Ulipita bila kupingwa! Hata mimi!"

"Hata kwangu alipita bila kupingwa," mama akasema akiongeza mchuzi. "Alirudi wa kwanza, wenzake wote walikuwa bado jeshini."

Tulicheka mpaka mbwa wakabweka.

"Bungeni ulisema nini?" baba akauliza.

"Viatu. Kila siku viatu vya askari. Wao kuchoka na mimi."

Vita vilipokwisha ukaja uchaguzi wenye wapinzani, naye akaangushwa vibaya. Aliposimulia hilo hakuonyesha uchungu. Alirudi kufuga nguruwe, akaoa nesi aliyemfunga bandeji.

Mchana tulimpeleka kwenye shamba la kijiji, wenzetu walikokuwa wanapalilia mahindi. Watu walitaka hotuba. Mgeni akapanda juu ya kichuguu, akavua kofia: "Sajini yenu alinibeba mgongoni. Mimi nzito. Yeye hapana tupa mimi."

Baba hakuwahi kutuambia. Kisha bibi mmoja akapiga vigelegele, na wote wakapokea. Baba aliinama kung'oa magugu, nikaona mabega yake yakitikisika.

Mgeni aliondoka kesho yake kuelekea mpakani Sirari. Uchaguzi wa kijiji ulipofika, baba alizunguka nyumba kwa nyumba akitafuta mtu wa kushindana naye, akisema ni aibu kushinda mbio peke yako. Jirani yetu mfuga nyuki alikubali. Baba alishinda kwa tofauti ya mikono michache tu, akaimba njia nzima ya kurudi nyumbani.